Enoka na Kongosho la Paka Wake

Mashine ya kusaga anayoisimamia Enoka iko Mlowo, ng'ambo ya barabara kuu ukitokea sokoni, nyuma ya maghala ya wanunuzi wa mahindi. Ikiwaka husikii kitu kingine, na ndiyo maana Enoka, baada ya miaka mingi pale, anaongea kwa sauti ya juu hata kanisani. Mtu asiyemjua hudhani anagomba. Mwaka huu ninaousimulia alikuwa anagomba kweli.

Chanzo kilikuwa paka. Dona alizaliwa palepale mashineni, juu ya viroba vitupu, na mama yake akagongwa na lori kabla hajamwachisha kunyonya. Enoka alimlea kwa maziwa na uji mwepesi wa dona, jina likatoka humo. Hata rangi yake ilikuwa ya dona, nyeupe isiyo safi, na kijivu kidogo mgongoni. Panya wa mashine ya nafaka si panya wa nyumbani. Wanashiba mpaka wanatembea taratibu. Dona aliwamaliza. Sisi tuliokuwa tunaacha mahindi pale na kurudi kesho yake tulikuta magunia hayajatobolewa, na nadhani tulimwamini Enoka zaidi kwa sababu ya yule paka.

Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, Dona akaanza kuacha chakula. Alinusa dagaa, akageuka, akajilaza juu ya mota iliyokuwa bado ina joto. Halafu akaanza kutapika. Halafu manyoya ya tumboni yakaanza kutoka. Hakukuwa na kidonda wala magamba. Ukimpapasa tu manyoya yanabaki mkononi, na ngozi ya chini inang'aa kama imepakwa mafuta ya kupikia.

Enoka alimpigia simu Asajile, afisa mifugo wa kata. Asajile alikuja na pikipiki yake siku ya tatu, viatu vimejaa tope la Igamba. Hakuvua hata kofia ya pikipiki.

"Upele huo, mzee."

"Upele gani unang'aa? Mbona hajikuni?"

"Mzee wangu, nguruwe wanakufa huko Igamba, watu wanalia. Huyu mpake salfa na mafuta, utaona."

Alikuwa anasema kweli kuhusu nguruwe. Homa ilikuwa imeingia, na kila mfugaji alikuwa anamtaka Asajile kwake, tena kwa wakati uleule. Enoka akampaka Dona salfa. Dona akailamba, akatapika mara mbili ya mwanzo. Enoka akaenda duka la dawa za mifugo, akapewa dawa ya minyoo. Akaimaliza, hali ikawa ileile. Akarudi, muuzaji akampa vitamini za kuku, akamwambia azichanganye kwenye maji. Enoka alizirudisha palepale kaunta.

"Nimekuambia paka. Pa-ka."

"Baba Lucky, dawa ni dawa," yule muuzaji akajibu.

Mashineni nako mambo yakaharibika. Mama mmoja wa Nanyala alifika na ndoo yake ya mahindi, akamwona Dona amelala na tumbo lake tupu, akaibeba ndoo yake akaondoka. Alisema unga wake hauwezi kupita kwa paka mwenye ukoma. Habari zikamfikia Abrahamu, tajiri mwenye mashine, ambaye anakaa Tunduma na huja Mlowo mara chache. Alipiga simu.

"Enoka, huyo paka mtoe. Nitakuletea wawili wadogo."

"Sitaki wawili. Huyu ni mgonjwa, anahitaji daktari."

"Daktari wa paka? Huku kwetu?"

Enoka alikata simu. Hajawahi kumkatia tajiri wake simu kabla ya siku hiyo. Jioni alimbeba Dona akampeleka nyumbani ndani ya tenga la kuku, na huko ndiko alikokutana na kauli iliyomkera kuliko zote. Mkewe Jenista alikuwa anapepeta maharage. Alimtazama paka, akamtazama mumewe.

"Kesho unampeleka wapi?"

"Vwawa. Wananiambia kuna daktari wa kike anapasua mbwa."

"Mama yangu aliumwa tumbo mwaka mzima," Jenista akasema. "Akawa wa njano kama boga, akakonda mpaka pete ikamvuka kidole. Tulimpa majani. Hukumtafutia daktari Vwawa wala Mbeya."

"Hakuna aliyetuambia, Mama Lucky. Walisema vidonda vya tumbo."

"Nawe huyu uliambiwa upele."

Akaendelea kupepeta. Asubuhi, hata hivyo, Enoka alikuta ndani ya tenga kimewekwa kipande cha kitenge cha zamani cha Jenista, ili paka asipigwe na upepo njiani.

Daktari mwenyewe aliitwa Ferista. Ni Mndali wa Ileje, mwanamke mfupi mwenye kucheka haraka na kununa haraka. Amekodi vyumba viwili Vwawa, kimoja cha dawa na kingine chenye meza ya bati. Kazi yake kubwa ni ng'ombe wa maziwa na mbwa wa ulinzi. Paka huletwa kwake kufungwa uzazi tu, nao huletwa na watu wachache. Alimgeuza Dona chali, akapitisha kidole juu ya ile ngozi inayong'aa.

"Nani alisema upele?"

"Kila mtu."

"Na salfa mmepaka?"

"Tumepaka."

Akatikisa kichwa, akaleta kile kipimo chake cha altrasaundi alichonunua kwa ajili ya kuangalia mimba za ng'ombe. Alimpaka Dona ute tumboni, wala hakuhitaji kumnyoa. Akasogeza kipimo huku na huku, akakunja uso. Kioo kilikuwa kidogo, picha imejaa ukungu.

"Hiki ni cha ng'ombe," alisema kwa hasira, kana kwamba kipimo kimemtukana. "Naona kitu hapa chini ya tumbo la chakula, jirani na bandama. Kitu cha mviringo. Lakini siwezi kukuapia."

"Kitu gani?"

"Baba, unajua kongosho?"

Enoka alilijua neno kwa kulisikia redioni, basi. Ferista akamweleza. Ni kiungo chembamba kama ulimi mrefu, kimejificha nyuma ya tumbo la chakula. Kinatoa maji ya kusagia chakula na kinapima sukari kwenye damu. Kikiota uvimbe mbaya, paka hukonda na kutapika, na baadhi yao hutokwa na manyoya tumboni namna hii hii, ngozi ikang'aa. Yeye alikuwa amelisoma jambo hilo chuoni. Kwa macho yake hajawahi kuliona.

"Ni kansa?"

"Inaweza kuwa. Ili nijue, lazima nifungue tumbo."

"Fungua."

"Subiri kwanza. Sijawahi kukata kongosho la kiumbe chochote. Kongosho likichokozwa linakasirika, yale maji yake yanaanza kulila lenyewe. Anaweza kufa mezani, anaweza kufa kesho yake. Na nikikuta imesambaa kwenye ini, sitamwamsha. Nataka uelewe hilo kabla hujaniambia fungua."

Mbwa mmoja chumba cha pili alikuwa analia. Enoka akasema, kwa sauti yake ya mashineni iliyomfanya yule mbwa anyamaze, "Daktari, tangu mwezi wa sita wewe ndiye mtu wa kwanza kumshika kwa mkono. Fungua."

Ferista alimpigia mwalimu wake wa zamani huko Morogoro, wakaongea kwa muda mrefu huku yeye akichora kwenye gazeti kongosho lenye mikono miwili. Uvimbe ukiwa kwenye mkono wa kushoto, huku mwishoni karibu na bandama, unaweza kuufunga kwa uzi na kuukata. Ukiwa katikati au karibu na mfereji wa nyongo, mwache. Wakapanga siku.

Siku ilipofika, Enoka alifunga mashine, akaweka tenga ndani ya daladala ya Noah, akavumilia maneno ya abiria wenzake hadi Vwawa. Ferista alimpokea mlangoni ameshika kiuno. Dawa ya nusu kaputi ilikuwa inatoka Mbeya na haijafika. Lori lilikuwa limepinduka njiani, magari yamelala foleni. Dona hakuwa amekula tangu jana yake kwa maagizo ya daktari. Wakarudi Mlowo.

Siku ya pili iliyopangwa, dawa ilikuwepo, daktari hakuwepo. Karantini ya nguruwe ilikuwa imetangazwa na madaktari wote wa mifugo wa karibu wameitwa. Alipiga simu kuomba radhi wakati Enoka tayari yuko kwenye ngazi za jengo lake. Enoka alisimama pale na tenga lake, hajui amkasirikie nani. Nguruwe wana haki ya kutibiwa. Barabara haina masikio. Alisema kwa nguvu, mbele ya mlango uliofungwa, "Basi nyie endeleeni!" na mama muuza ndizi akageuka kumwangalia.

Dona sasa alikuwa mwepesi kama kiroba kitupu. Upara ulikuwa umeenea hadi ndani ya mapaja na usoni.

Mara ya tatu ikawezekana. Ferista alikuwa amechemsha vifaa vyake kwenye jiko la mkaa kwa sababu umeme ulikuwa unakatika. Alikuwa na msaidizi, Witness, msichana aliyesomea uganga wa mifugo, wa kuangalia pumzi na kuongeza dawa. Enoka aliambiwa akae nje. Akakataa.

"Baba, watu wazima wanazimia humu."

"Nikizimia niruke. Mshughulikie yeye."

Akasimama kwenye kona ya chumba, mikono nyuma.

Ferista alipasua mstari mmoja katikati ya tumbo. Akausogeza utumbo kando kwa vidole, akaufunika kwa kitambaa chenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, akainua tumbo la chakula. Kongosho lilikuwa pale, la waridi hafifu, lenye vinundu vidogo vidogo kama mafuta ya kuku. Kwenye ncha yake ya kushoto kulikuwa na donge jeupe, gumu, ukubwa wa punje ya mahindi ya kuchoma.

"Njoo uone," alisema. Enoka akasogea. Baadaye alitusimulia kwamba aliutazama ule uvimbe kwa muda mrefu. Alisema alitaka kuutukana, akakumbuka yuko mbele ya madaktari.

Ferista aliligeuza ini, kipande kwa kipande, akakagua bandama, akakagua utando wa tumbo. "Kwa macho yangu ni safi," alisema. "Kwa macho tu. Vidogo sana siwezi kuviona. Nifunge, au nikate?"

"Unaniuliza mimi?"

"Paka ni wako."

"Kata."

Alipitisha uzi kuzunguka mkono wa kongosho, juu kidogo ya donge, akakaza polepole mpaka nyama ikajikunja ndani ya fundo. Akaweka uzi wa pili. Mara umeme ukakatika. Witness aliwasha tochi ya simu yake, na Ferista akakata, jasho linamtiririka puani, akalidondosha lile donge kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhia. Alisubiri kuona kama damu itatoka. Haikutoka. Akaanza kushona.

Kile kichupa kilitakiwa kwenda maabara kubwa ili donge lile lisomwe kwa hadubini. Kilipakiwa kwenye basi siku hiyohiyo, na Ferista akasema majibu yatakuja.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Dona alitapika maji ya njano, akajikunja kwenye kona akitetemeka. Ferista alimweka dripu, akampa sindano za maumivu, akalala palepale kwenye benchi. Enoka alikuwa anakuja kila asubuhi kutoka Mlowo na supu ya kuku isiyo na chumvi ambayo, ajabu, ilipikwa na Jenista. Siku moja Jenista alikuja mwenyewe. Alimsubiri Ferista amalize kubadilisha dripu, kisha akauliza, taratibu sana:

"Daktari, mama yangu alikuwa wa njano, alikonda, tumbo likimuuma hadi mgongoni. Ndiyo hii?"

Ferista alisimama na chupa mkononi. "Mama, mimi ni wa wanyama. Siwezi kusema."

"Lakini binadamu nao wana kongosho?"

"Wanalo."

"Na uvimbe huo wanaupata?"

"Wanaupata."

Jenista akaitikia kwa kichwa, akakaa, akamlisha Dona supu kwa bomba la sindano, tone moja moja. Jioni wakarudi nyumbani. Huko alifunga mlango wa jikoni, Enoka akamsikia akilia kwa hasira, anapiga sufuria.

Dona alianza kula mwenyewe, dagaa mmoja, kesho yake wawili. Alirudi Mlowo akiwa na mshono mrefu tumboni, na wateja wakamcheka Enoka kwamba amemshonea paka zipu. Abrahamu alikuwa ameshaleta paka wake wawili. Mmoja alitoroka, mwingine alikuwa anawaogopa panya. Ndipo lile jambo likatokea. Juu ya ile ngozi inayong'aa vikaota vinyweleo, kwanza kama ukungu wa unga, halafu manyoya kamili. Kahawa ilipokuwa inamalizikia kuchumwa, tumbo la Dona lilikuwa limefunikwa lote. Akakamata panya, akamlaza mlangoni.

Enoka alimbeba akampelekea Asajile nyumbani kwake.

"Huu ndio upele wako."

Asajile alimchunguza Dona kwa makini, akamwomba Enoka amweleze kila kitu tangu mwanzo, akapiga picha mshono. "Mzee, sikujua," alisema. "Nilikuwa na nguruwe mia wanakufa." Enoka alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Akaondoka bado ana maneno mdomoni.

Majibu ya maabara hayakuja. Ferista alipiga simu, akaambiwa mashine ya kukatia vipande imeharibika. Akapiga tena, akaambiwa mtaalamu yuko safari. Akapiga tena, akaulizwa, "Sampuli ya paka? Paka wa nani?"

Mvua za kwanza zilipokaribia, Enoka alikuwa anamkuna Dona chini ya kidevu, akateremsha mkono hadi tumboni, na manyoya yakabaki katikati ya vidole vyake. Alikaa hivyo hivyo juu ya gunia, mkono ameunyoosha mbele, mpaka wateja wakadhani mashine imepata hitilafu.

Vwawa, Ferista aliweka kile kipimo chake cha ng'ombe. Safari hii picha haikuwa na shida. Ini lilikuwa na madoa.

"Kata tena," Enoka alisema.

"Hapana, baba."

"Mara ya kwanza ulikata!"

"Mara ya kwanza ilikuwa donge moja mwishoni. Haya ni mengi, yako ndani ya ini. Nikimfungua nitamtesa bure."

"Kwa hiyo tulifanya kazi gani? Niambie. Tulihangaika kote kule kwa ajili ya nini?"

Ferista naye alikuwa amechoka. "Alikula miezi minne," alijibu kwa ukali. "Unadhani mimi sijaudhika? Ningempata mwezi wa sita, kabla ya hiyo salfa yenu na dawa yenu ya minyoo, huenda tusingekuwa hapa. Na huenda tungekuwa hapa hapa! Sijui! Hakuna anayeniambia, hata hao wa maabara hawaniambii!"

Walibaki wanatazamana, wote wawili wamepandisha sauti juu ya mnyama aliyelala kati yao. Witness ndiye aliyemfunika Dona kitenge.

Enoka alimrudisha nyumbani siku chache. Jenista ndiye aliyesema inatosha, baada ya kumwona paka anashindwa kufika kwenye maji. Walikwenda pamoja. Ferista alimpiga Dona sindano ya usingizi, kisha ya pili iliyomsimamisha moyo, huku mkono wa Enoka uko juu ya kichwa chake. Halafu daktari akaomba, kwa shida, amfungue aone ini, kwa sababu hatapata nafasi nyingine ya kujifunza. Enoka aliwaka. Alisema maneno ambayo hakutaka kuturudia. Jenista akamvuta mkono.

"Baba Lucky, mwache aangalie. Wa kwetu hakuna aliyeangalia."

Enoka akatoka nje. Jenista alibaki ndani mpaka mwisho, na yeye ndiye aliyebeba tenga wakati wa kurudi. Walimzika nyuma ya nyumba, pembeni ya mibuni.

Maabara ilimpigia Ferista mvua zikiwa zimekolea, na Ferista akampigia Enoka. Mashine ilikuwa inanguruma. Alitoka hadi ukingo wa barabara, kidole kimoja sikioni, malori yanapita.

"Wamesema ni saratani ya kongosho," Ferista alisema.

"Nani?"

"Maabara! Ile sampuli!"

"Sasa wananiambia mimi ili nifanye nini?" Enoka alipaza sauti.

"Hata mimi nimewauliza hivyo hivyo," Ferista akajibu, naye anapaza sauti. "Wamesema niwaandikie malalamiko rasmi."

"Na utawaandikia?"

"Nimeshaanza."

"Andika na jina langu. Andika hadi wanakijiji wa Mlowo wamekasirika!"

Nyuma yake mwanamke mmoja alikuwa anaita kwamba mahindi yake yanamwagika. Enoka akarudi ndani anakimbia, simu bado iko hewani.